Yadi Tano za Kufikiri

Nilipopewa ukatibu wa timu nilikabidhiwa kipenga, ufunguo wa stoo na daftari kubwa lenye jalada la kijani. Ijumaa moja baada ya kufua nguo zangu niliketi kitandani nikalisoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Lilikuwa na mechi tisa. Timu ilikuwa imepoteza zote tisa. Makatibu walionitangulia walikuwa Wakanada, na walikuwa waandishi waangalifu: waliandika upepo ulikotoka, nani alitapika na dakika gani, na rangi ya anga mechi ilipoanza. Nililifunga nikajiuliza kama nilikuwa nimepewa cheo au nimepewa msiba.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na digrii ya takwimu. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na ofisi ya wakala wa kazi za Uarabuni, na mimi nilipata mkataba wa karani wa kumbukumbu katika chuo cha mafundi mjini Riyadh, chuo kilichokuwa na walimu wengi kutoka Kanada. Ndege iliyonileta ilijaa wasichana wa kwetu waliokuwa wakienda kufanya kazi majumbani. Wao walivaa fulana za wakala, mimi nilivaa tai. Njia nzima niliwaza kama ile tai ilikuwa ikiwaudhi. Nilipoivua niliwaza kama wameona nimeivua kwa sababu yao. Nikaivaa tena. Tuliposhuka, msichana wa kiti cha pembeni aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Kocha alinijia ofisini wiki ya tatu. Alikuwa Mkanada aliyekaribia miaka sitini, mwalimu wa kuchomelea vyuma, mwenye magoti yaliyolia kila alipoketi.

"Unajua kuandika?" aliniuliza.

"Nina digrii."

"Sikukuuliza hilo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mpira wa Kikanada. Kwa asiyeujua, ni ule mchezo wa watu wenye helmeti na mabega ya plastiki, wanaobeba mpira wenye ncha mbili na kuangushana. Unafanana sana na ule wa Wamarekani, lakini usimwambie hivyo Mkanada. Atakutazama kama Mzanzibari aliyeambiwa kwamba Kiswahili chake kinafanana na cha Nairobi. Wao huchezesha watu kumi na wawili badala ya kumi na mmoja, uwanja wao ni mrefu zaidi, na timu yenye mpira hupewa majaribio matatu tu ya kusogea yadi kumi. Wamarekani hujipa manne. Kocha alisema la nne ni la watu wasiojua wanachotaka. Sikumwambia kwamba mimi ningehitaji hata la tano.

Timu ilianzishwa na walimu wenyewe, enzi walipokuwa wengi. Nyuma ya karakana palikuwa na kiwanja kilichojaa mawe, na kocha ndiye aliyeongoza kuyatoa kwa mikono, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka pakawa tambarare. Nchi nzima kulikuwa na timu moja tu nyingine iliyofuata kanuni zile, nayo ilikuwa Jeddah, ya watu wa hospitali na wahandisi. Kila mwaka wao walikuja kwetu mara moja na sisi tulikwenda kwao mara moja. Jina la timu yetu silitaji, kwa kuwa lilishafutika kwenye jezi kabla sijafika. Kilichobaki kifuani kilikuwa mnyama. Wakanada walisema ni dubu wa barafu. Kwa kufuliwa sana na dobi wa chuo, pua yake ilikuwa imefupika na mwili umegeuka waridi, na kila Mwislamu aliyepewa ile jezi aliishika kwa ncha za vidole akauliza, "Huyu ni nani?"

Walimu walianza kuondoka mikataba yao ilipoisha, wakabaki wanne pamoja na kocha. Basi kocha akaanza kuzunguka mabweni ya wafanyakazi, mpira kwapani, akitafuta watu. Mimi nilifuatana naye kutafsiri. Wengi walicheka wakarudi kupika. Wa kwanza kutuuliza swali la maana alikuwa fundi wa viyoyozi kutoka Tanga, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye miguu mizito kama ya meza ya kale.

"Hiyo timu yenu inasafiri?" aliuliza.

"Mara moja kwa mwaka," nikamjibu. "Jeddah."

"Na ruhusa ya Alhamisi mnapewa?"

"Tunapewa. Chuo kinatoa na basi."

Alifikiri kwa muda mfupi kuliko ningefikiri mimi. Mabasi ya umra yalikuwepo tele Riyadh, lakini wafanyakazi wa matengenezo walikuwa na Ijumaa tu, na Ijumaa peke yake haikutosha kwenda Makka na kurudi. "Nipe hiyo fulana," alisema. Akamtazama yule mnyama. "Nitambandika plasta."

Habari ya Alhamisi ilienea bwenini kuliko habari ya mchezo. Baada ya mwezi tulikuwa kumi na watatu: Wakanada wanne, kocha akiwa mmojawapo ingawa magoti yake hayakuafiki, na waliobaki wote wa Afrika Mashariki. Watano kati yetu walikuwa Waislamu walioipenda Jeddah kwa sababu ya Makka. Mimi nilikuwa wa kumi na tatu, wa kuandika. Nilipewa jezi ili hesabu ya akiba isiwe sifuri.

Kocha aliniagiza nitafsiri kitabu cha kanuni. Kilikuwa kidogo, nami nikakitafsiri wiki sita. Kuna kanuni moja iliyonikosesha raha. Wakikupigia mpira kwa teke ukavuka mstari wa goli lenu na kuingia katika eneo lililo nyuma yake, nawe usiutoe humo, wapinzani wanapewa pointi moja. Hawakufunga kitu, hawakubeba kitu, wanapewa tu. Wachezaji wetu waliiita sadaka. Lakini kanuni nyingine ilikuwa ya huruma: anayepokea mpira uliopigwa lazima wapinzani wamwachie nafasi ya yadi tano mpaka auguse, ili apate kuamua afanye nini. Niliisoma mara nyingi. Yadi tano za kufikiri zilikuwa nyingi mno kwa mtu kama mimi.

Kabla sijamaliza tafsiri, Jeddah walikuja. Kipindi cha kwanza tulicheza kama tulivyofundishwa, yaani vibaya kwa utaratibu. Kipindi cha pili Mkanada wetu mmoja aliangushwa na mpira ukamtoka, ukabingirika chini. Kocha alikuwa ametufundisha kwamba mpira ukianguka unajitupa juu yake na kuukumbatia. Fundi wa Tanga aliufikia wa kwanza. Aliutuliza kwa wayo.

Sijui kama kuna mtu aliyekulia kwetu ambaye angefanya vingine. Aliinua kichwa, akampasia Mkenya aliyekuwa mlinzi wa lango kuu. Mkenya akampasia Mganda aliyebeba mizigo ghalani. Mpira wenye ncha mbili hauendi unakotumwa, kwa hiyo pasi zilikuwa mbovu, lakini watu walikuwa wakiitana kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia pale uwanjani. "Lete! Lete hapa!" "Rudisha nyuma!" "Chenga moja tu, kaka, moja!" Wachezaji wa Jeddah walisimama wakitazama kwa adabu. Kisha mmoja wao aliinama, akauokota mpira miguuni mwa Mganda, akatembea nao mpaka mstari wa goli letu. Niliandika katika daftari la kijani: mechi ya kumi, tumepoteza, upepo wa kaskazini.

Kocha alitukusanya. Hakufoka. "Mguu ni wa kukimbilia," alisema. "Mpira ni wa mkono. Nani hajaelewa?" Wote walikuwa wameelewa. Fundi alitazama miguu yake kama mtu anayetazama watoto waliomwaibisha ugenini.

Jioni ile nilitafuta kosa lenyewe kitabuni ili nilitafsiri sawasawa. Halikuwamo. Kilichokuwamo ni kinyume chake: mpira uliolegea chini, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuupiga kwa mguu. Nilidhani nimesoma vibaya. Asubuhi nilikipeleka kitabu karakana. Kocha alizima moto wa kuchomelea, akainua ngao usoni.

"Najua," alisema kabla sijamaliza.

"Sasa niitafsiri?"

"Wakijua wanaruhusiwa, nitawahi kuwaona wameushika mpira tena?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Pengine hapana."

"Basi kanuni hiyo usiione," alisema, akashusha ngao.

Niliiacha. Na kwa kuwa vipengele vilikuwa na namba, nilibadilisha namba zote zilizofuata ili pengo lisionekane. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nina kipaji cha udanganyifu, nikakosa raha. Kila Ijumaa fundi alipokuwa akijitupa kifudifudi juu ya mpira, kiwiko kikichubuka, huku mguu wake wa kulia ukitetemeka kwa hamu, mimi nilikuwa kando nikiandika mahudhurio.

Mkosi wa pili pia niliuleta mimi. Mudir, yaani mkurugenzi, wa huduma za chuo, Msaudi mtaratibu aliyekunywa gahawa yake kama mtu anayesoma barua, alikuwa na tatizo la magari. Wanafunzi walizidi, na wote walikuja na magari. Alinipigia simu akataka kumbukumbu za matumizi ya kile kiwanja. Mtu mwenye akili angempelekea ratiba ya mazoezi. Mimi nilimpelekea daftari la kijani, kwa kuwa alisema kumbukumbu.

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri.

"Kumi?" aliuliza.

"Kumi, mudir."

"Hata moja?"

"Hata moja, mudir."

"Huyu aliyetapika, alipona?"

"Nadhani alirudi Kanada."

Alifunga daftari akaliwekea mkono juu. "Mna safari ya Jeddah. Nendeni. Mkirudi hamjapoteza, uwanja ni wenu, na mimi neno langu ni moja. Mkipoteza tena, halas, Jumamosi inayofuata naleta lami."

Nilimpelekea kocha habari hizi kwa miguu ingawa kulikuwa na simu, ili nipate muda wa kupanga maneno. Sikuyapanga. Alinisikiliza, kisha akatoka mpaka ukingo wa kiwanja akasimama. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka ule. Kila mtu alijua. Aliokota jiwe dogo, akalitia mfukoni. "Hili nililiruka," alisema.

Bwenini fundi alipiga hesabu yake haraka: pasipo uwanja hakuna timu, pasipo timu hakuna Alhamisi, pasipo Alhamisi hakuna Makka. "Yaani mdogo wangu," aliniambia, "umekwenda mwenyewe, kwa miguu yako, ukampa mtu wa lami lile daftari?"

"Aliniomba kumbukumbu."

"Ungempa za viyoyozi."

Tuliondoka Riyadh Alhamisi alfajiri, kocha kiti cha mbele na mipira miguuni. Njia ile ni ndefu na imenyooka, na niliitumia kuhesabu namna zote tunavyoweza kupoteza. Tulipofika mikati karibu na Taif, mahali ambapo mwenye nia ya umra huvaa ihramu, Waislamu wetu watano waliteremka na mifuko yao. Walikuwa wamelijadili jambo hili bwenini wiki nzima. Aliye ndani ya ihramu hafuniki kichwa, na mchezo wetu hauchezwi bila helmeti. Kwa hiyo ilikuwa lazima umra itangulie na mechi ifuate. Wangeshuka Makka usiku ule na kutukuta Jeddah kesho yake. Fundi alinipa helmeti yake dirishani.

"Nitunzie kichwa," alisema.

Basi letu lilifuata ile barabara ya wasio Waislamu inayozunguka mbali na Makka. Tukafika Jeddah, tukalala katika nyumba ya wafanyakazi huko Al-Baghdadiyah, vyumba vya juu vyenye harufu ya samaki na sabuni. Hewa ya Riyadh ni kavu kama karatasi. Ya Jeddah unaweza kuikamua. Mkenya wa lango kuu alikula kitu barabarani ambacho hakikumpenda, na Ijumaa asubuhi alikuwa kijani. Kocha alihesabu watu kwa kidole mara mbili, kisha kidole kikasimama kwangu.

"Utakaa nyuma kabisa," alisema. "Mpira haufiki huko."

Nilikijua kitabu kizima. Mpira hufika huko.

Baada ya sala ya Ijumaa wale watano waliingia, wamechangamka, wananukia udi, na vichwa vyao vimenyolewa vinang'aa. Nilifurahi kuwaona, kisha nikaona tatizo. Helmeti zao zilikuwa zimepimwa na nywele. Fundi alivaa yake, akatikisa kichwa kukataa chai, helmeti ikabaki ikitazama mbele. Tulitafuta soksi. Kila helmeti ilijazwa soksi mbili, na ya fundi ilihitaji tatu kwa kuwa alikuwa na nywele nyingi hapo awali.

Nilikuwa nikimjazia soksi ya tatu niliposhindwa kuvumilia. Chumbani tulikuwa wawili tu.

"Kaka, nina jambo."

"Sema."

"Ile kanuni ya kutopiga mpira ulioanguka. Haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo kitabuni. Inaruhusiwa kuupiga kwa mguu. Kocha alisema nisiiandike, nami sikuiandika. Nikabadilisha na namba."

Alivua helmeti, akaiweka magotini.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane umenikataza mguu wangu mwenyewe."

"Ndiyo, kaka."

"Nimechubuka viwiko. Nimelala juu ya mpira kama kuku juu ya yai. Watu wamenipiga picha."

"Ndiyo."

"Na umesubiri nimetoka Makka leo, nimesafika, siwezi hata kukutukana."

"Sikupanga hivyo."

"Ulipanga! Wewe hufanyi kitu bila kupanga!" Akanyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa akitafuta neno ambalo mtu wa umra anaruhusiwa. "Mwenyezi Mungu akuongoze," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetupa kiatu.

Mechi ilianza baada ya alasiri, na tulikubaliana na Jeddah kwamba ingemalizika kabla ya magharibi. Mwamuzi alikuwa Mkanada wa hospitali, mtu mnene mwenye kitabu cha kanuni kwenye mfuko wa kaptura. Sikumbuki mengi ya saa mbili za mwanzo kwa kuwa mpira haukufika kwangu na nilikuwa nimeshughulika kuogopa. Nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza tulifunga bao zuri. Mganda wa ghala alibeba mpira na watu wawili wa Jeddah mgongoni, kama alivyobeba magunia, akavuka mstari nao wote. Pointi sita, na teke la baadaye likaongeza moja. Jeddah wakasawazisha. Saba kwa saba.

Saba kwa saba ilitutosha. Hatukuhitaji kushinda, mudir alisema tusipoteze. Kocha alipita kando ya mstari akirudia hilo, mkono mfukoni, na nilijua ameshika lile jiwe.

Jua lilikuwa limeshagusa majengo. Jeddah walikuwa na jaribio lao la mwisho, mbali kidogo na mstari wetu, na sekunde chache tu zilibaki. Hawakuwa na haja ya kubeba. Wangeupiga tu mpira uvuke, uingie nyuma ya mstari, usitoke, wapewe sadaka yao, nane kwa saba, na Jumamosi lami ingekuja. Nilijua haya yote sekunde ile mtu wao aliporudi nyuma kupiga. Kujua hakukunisaidia.

Mpira ulipanda, ukakaa angani muda usio wa lazima, ukaanza kushuka juu yangu. Niliudaka. Nilishangaa sana. Watu watano wa Jeddah walikuwa wamesimama mbele yangu kwa umbali wa yadi tano, kama sheria inavyotaka, wakihema.

Nikafikiri. Kama ningekimbia, wangeniangusha humo humo ndani ya eneo, kwani nilikuwa na uzito wa mfuko wa simiti na viatu. Kama ningesimama, ni sadaka. Kama ningempasia mtu, hapakuwa na mtu. Walishaanza kuja, yadi tano zilikuwa zimeisha kabla sijafika kwenye wazo la nne. Nyuma yao niliona helmeti ya fundi ikinijia mbio, na sauti yake ikitoka ndani ya zile soksi: "Mguu! Mguu, mdogo wangu! Mguu!"

Nikaupiga. Kitabu kinaruhusu: mpira uliopigwa ukaingia kwenu, unaweza kuurudisha kwa teke. Ulitoka kwa ubavu, ukavuka mstari, ukaangukia mikono ya Mkanada mmoja wa Jeddah, ambaye naye alikijua kitabu. Hakukimbia hata hatua. Aliurudisha kwa teke vile vile, juu ya vichwa vyetu sote.

Adhana ya magharibi ikaanza. Muda ulikuwa umeisha, lakini katika mchezo ule muda ukiisha mpira ukiwa hai, mnacheza mpaka ufe. Ulidunda ndani ya eneo letu, ukaruka kushoto, ukaruka kulia, jinsi mpira wenye ncha mbili unavyopenda. Mimi nilikwenda upande ambao haukwenda. Fundi alifika. Helmeti ilikuwa imezunguka kichwani mwake, akawa anaona kwa tundu la sikio. Hakuinama. Aliutuliza kwa wayo, kama miezi minane iliyopita, akaujongeza mbele kwa kidole gumba, akampita mmoja, akaupisha katikati ya miguu ya wa pili, akavuka nao mstari wa goli akielekea pembeni, na watu wa Jeddah wakimfuata bila kujua wamfanye nini. Kisha, kwa teke moja la upande wa ndani, akautoa nje ya uwanja. Ulikwenda kusimama karibu na maji ya kunywa. Umekufa.

Watu wote walimgeukia mwamuzi. Mwamuzi alitoa kitabu mfukoni, akaanza kupekua kwa kidole kilicholowa jasho. Nilimtajia ukurasa. Alisoma, akasoma tena, akanitazama, akapiga kipenga.

"Sare," alisema.

Wale watano walikwenda kuswali na jezi zao, yule mnyama akiwa amefunikwa na plasta. Kocha aliketi chini pale pale, magoti yakalia. Nilikwenda kukaa karibu naye, nikisubiri kulaumiwa kwa kuvujisha kanuni. Alitazama uwanja wa watu.

"Ulimwambia lini?" aliuliza.

"Saa nane mchana."

Akaitikia kwa kichwa. "Mapema kidogo," alisema, "na angecheza hivyo mechi nzima."

Nilimpelekea mudir daftari Jumapili.

"Mmeshinda?"

"Hapana, mudir."

"Mmepoteza?"

"Hapana, mudir."

Alikunywa gahawa. "Sasa mlikwenda Jeddah kufanya nini?" Lakini neno lake lilikuwa moja kweli. Alipiga simu mbele yangu, na kesho yake kibao kiliwekwa langoni mwa kiwanja kwa Kiarabu na Kiingereza, kwamba pale ni pa timu na magari hayaruhusiwi.

Timu ilikufa baada ya hapo, bila haraka. Kocha aliondoka mkataba ulipoisha, na lile jiwe aliliweka kwenye sanduku la mkono. Kule uwanja wa ndege walimuuliza ni la nini, akasema ni la kwake. Wakanada wengine wakafuata. Mganda alipata kazi Dammam. Fundi alihamishiwa Jeddah, jambo alilolipokea kama mshahara wa teke moja, na sasa alikwenda Makka alipotaka. Katiba ya timu, niliyoitafsiri pia, ilisema timu huvunjwa kwa kikao cha wachezaji wasiopungua kumi na wawili. Hatukufika tena kumi na wawili. Kwa hiyo haikuvunjwa. Nilibaki mimi, katibu wa timu ambayo haikuwa na mtu wa kumwandika. Ijumaa nilifungua stoo, nikatoa chokaa, nikachora mistari upya, kwa kuwa nilikosa raha ikififia. Wanafunzi waliegesha magari barabarani wakanitazama kwa chuki.

Kila tulipokutana kwenye korido, mudir aliniuliza, "Timu iko vipi?"

"Tangu Jeddah hatujapoteza hata mechi moja, mudir," nilimjibu.

"Mashallah," alisema, akapita.

Ilikuwa kweli. Ndiyo iliyonikosesha raha. Baada ya wiki kadhaa nilimtumia fundi ujumbe wa sauti wa dakika saba, nikimweleza kwamba pengine ukweli wa namna ile ni uongo, kwamba mudir ni mtu wa neno moja na mimi namchezea, na kwamba nimeamua Jumapili niende ofisini kwake nikamwambie timu haipo, ingawa nikimwambia ataleta lami, na kocha aliyatoa yale mawe kwa mikono.

Jibu lilikuja la sekunde nne. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu na vyombo, nadhani alikuwa akila.

"Mdogo wangu," alisema, "safari hii usiungame."

Jumapili niliwahi kazini, nikapita kwa mlango wa karakana, ule usiopita kwenye korido ya mudir.